Mtetemo wa Kilomita Tisini

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, watu wote wanamwita Taratibu. Ameendesha magari ya ofisi ya wachimba visima kwa miaka ishirini na sita na hajagonga hata kuku. Akiingia kwenye gari anavua kiatu cha kulia na kukanyaga mafuta kwa soksi, maana anasema kiatu kinamdanganya. Tairi ikipungua upepo, anaijua kwa makalio kabla wewe hujaiona kwa macho. Nilikuwa nikimcheka sana kwa hilo. Mimi ni fundi. Naamini spana na geji, siamini makalio ya mtu.

Nasimulia habari zake kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia, na mpaka leo sielewi niliwezaje kuwa mjinga kwa muda mrefu hivyo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Gari lake, lile kubwa la kuendea porini, lilikwama kwenye tope mara tatu ndani ya wiki moja, na meneja akachoka kutuma trekta. Akaagiza tairi kubwa zaidi pamoja na rimu mpya za chuma, kazi ya kufunga nikapewa mimi. Rimu zilikuja na mfuko wa nati zake, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Nikazidharau. Gereji yangu ina sheria moja: nati iliyotoka kiwandani na gari haiachwi. Nikafunga zile za zamani, zikakaza vizuri, zile mpya nikaziweka kwenye kopo.

Siku ya tatu Taratibu akarudi.

"Shemeji, gari linatetemeka."

"Linatetemeka vipi?"

"Nikifika tisini usukani unacheza mkononi. Chini ya themanini limetulia kama mtoto aliyeshiba. Nikikaribia tisini tu, linaanza."

Nikamwambia hiyo ni balansi, uzito wa gurudumu haujalingana pande zote, kitu kidogo. Nikapeleka magurudumu kwenye mashine, nikabandika vyuma vya kubalansi pale palipopungua, nikayafunga kwa mkono wangu na kutoka naye barabara kuu. Tukafika mia, usukani kimya. Akashukuru mpaka nikaona aibu. Nikamwonya pia kwamba tope likikauka ndani ya rimu, gurudumu linaelemea upande, kwa hiyo awe anaziosha.

Taratibu ni mtu wa kushika neno. Kila Jumamosi akawa anainua gari kwa jeki, anavua magurudumu yote manne, anayasugua ndani na nje kwa brashi, kisha anayarudisha. Jumatatu gari likatetemeka.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka. Nilibadilisha bering za mbele. Nikabadilisha shokomzoba ya usukani. Nikashusha propela shafti na kuikagua kama daktari anayetafuta uvimbe. Nikahamisha tairi za mbele nyuma, za nyuma mbele. Kila nikimaliza tunatoka barabarani na gari linateleza kama limepakwa mafuta, na kila Jumatatu nyingine yeye huyu hapa mlangoni, amesimama na funguo mkononi kama mtu aliyekuja kuomba msamaha. Mashine ya balansi inasema sifuri. Mimi nasema sifuri. Yeye anasema linatetemeka.

Mtu atauliza kwa nini sikuliendesha kwanza, jinsi lilivyokuja. Swali zuri. Sikuliendesha kwa sababu nina utaratibu wangu: gari likifika navua magurudumu, nakagua, narekebisha, ndipo naendesha. Fundi wangu aliyenifundisha alikuwa akifanya hivyo, nami nikafanya hivyo, na ningeendelea kufanya hivyo mpaka kaburini. Wapimaji wa ardhi wanaosafiri na Taratibu walikuwa wakilala viti vya nyuma, ukiwauliza wanasema barabara mbovu.

Nyumbani nako hakukuwa na amani.

"Kaka yangu hajawahi kulisingizia gari," mke wangu akasema.

"Fundi ni mimi au wewe?"

"Fundi ni wewe. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mara ya tano uvumilivu ukaniisha. Nilikuwa chini ya gari, jasho linaniingia machoni, na yeye amechuchumaa ananieleza kwa upole ule ule kwamba leo limezidi. Nikatoka nikamwambia mbele ya watu, "Shemeji, gari hili halina kosa. Kama kuna kitu kinatetemeka, angalia mikono yako. Umri umekwenda." Watu wakacheka. Yeye akaitazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha wa pili. Jioni meneja akanipigia simu kuuliza gari lina nini. Nikamjibu kifundi kabisa: halina kitu.

Taratibu akaenda hospitali. Hakutuambia, tulijua baadaye. Daktari alimwambia anyooshe mikono, akamwekea karatasi juu ya vidole.

"Ilicheza kidogo," alimsimulia dada yake. "Daktari akasema ya kila mtu inacheza. Lakini mimi niliitazama. Naona yangu ilicheza sana."

Wiki hiyo hiyo akaenda kwa meneja mwenyewe na kumkabidhi funguo. Alisema hataki kuja kuua watoto wa watu. Akapelekwa stoo kugawa mabomba na gundi, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia mke wangu kaka yake amefanya jambo la busara.

Dereva aliyechukua gari ni mtu wa miraba minne, mikono kama mapaja. Taratibu alimwandikia karatasi nzima ya namna ya kulitunza, pamoja na kuosha magurudumu kila Jumamosi, na jamaa akafuata. Jumatatu ya tatu akasimama mlangoni kwangu.

"Fundi, hili gari mbona linatetemeka? Nikifika tisini usukani unataka kunitoka."

Nikaacha spana chini na kumwambia tutoke barabarani sasa hivi, kabla sijagusa kitu. Nikashika usukani mwenyewe. Themanini, kimya. Themanini na tano, vidole vikaanza kuwasha. Tisini, usukani ukatikisika kama chekeche la unga. Nilikuwa naitazama mikono yangu nisijue kama ni yangu.

Tuliporudi nikavua magurudumu, nikayalaza chini na kuyatazama kwa mara ya kwanza kama mtu asiyejua kitu. Kuzunguka kila tundu la nati rangi ilikuwa imechubuka, lakini upande mmoja tu, kama alama ya ukucha. Nikaelewa. Matundu ya rimu mpya yamechimbwa kama mdomo wa faneli. Yanataka nati yenye mdomo uliochongoka, iliongoze gurudumu mpaka likae katikati. Nati zangu za zamani zina mdomo bapa: zinakaza, haziongozi. Gurudumu linakaa popote lilipoangukia. Mimi nikifunga, kwa mazoea nalitikisa na kukaza polepole, nalipatia. Mwingine akifunga, linakaa upande kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Mashine ya balansi haikudanganya, maana mashine inalishika gurudumu katikati. Ile mara ya kwanza ilikuwa balansi kweli; zilizofuata zote zilikuwa nati. Na nati zenyewe nilikuwa nazo kwenye kopo miezi yote hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimkuta stoo, anapanga viungio vya mabomba kwa ukubwa wake.

"Shemeji, lilikuwa linatetemeka kweli," nikamwambia, nikamweleza habari ya nati.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo kila Jumamosi nikivua na kuosha..."

"Ulikuwa unayatoa katikati."

"Kama ulivyoniagiza."

"Kama nilivyokuagiza."

Akaweka kiungio alichoshika. "Mimi nilikuwa naujua mtetemo ule. Naujua kabisa, kama sauti ya mtoto wangu. Halafu nikakuamini wewe."

Nilitamani anitukane. Nikafunga zile nati za kwenye kopo, kisha nikaenda kwa meneja na kusema yote, bila kujipunguzia. Jumatatu Taratibu akarudishiwa funguo.

Sasa gari limetulia, naambiwa. Naambiwa, kwa sababu silioni. Jumapili anakuja kwetu kama zamani, anakula, anamtania dada yake, ananiuliza mgongo unaendeleaje. Habari za magari haziingii mezani. Juzi nilipita barabara ya ng'ambo nikaliona limeinuliwa kwenye gereji ya mtu mwingine, fundi yuko chini, na Taratibu amesimama pembeni. Aliniona, akanipungia mkono vizuri tu. Nikasimama katikati ya njia nisijue nimpungie au nipite kama sijamwona.