Mlango wa kushoto wa pikapu yangu

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, sema tu ni mkoani Singida. Huku mtu anatambulika hata kwa mlio wa gari lake, na langu linakohoa kuliko mimi.

Nina miaka hamsini na minane. Mke wangu alifariki mwaka juzi, wakati wa kuvuna alizeti. Tulijaliwa mtoto mmoja, nimwite Joyce, ameolewa Dodoma. Nimebaki mimi, pikapu ya kubebea magunia, na redio. Redio naibishia hadi taarifa ya habari, maana hakuna mwingine wa kubishana naye. Ugali wa mtu mmoja mpaka leo sijaujulia kipimo.

Mama Joyce alikuwa mfupi. Kiti cha abiria alikivuta mbele mpaka magoti yakagusa dashibodi, ndivyo alivyotaka. Muda mfupi baada ya mazishi nilimpa lifti jamaa mmoja, akakaa hapo, akashika kile chuma cha kusogezea kiti. Nikamshusha njiani, na kosa lake hakulijua. Nilipofika nyumbani nikachukua silikoni, ile ya kuzibia vioo vya madirisha, nikauziba mlango ule kuzunguka pote. Watu nikawaambia mpira umeoza, mvua inaingia. Kweli ulikuwa umeoza, lakini mpira si unauzwa mjini? Anayetaka kupitia mlango wangu wa dereva namwambia kiti cha abiria kimekatika. Basi wote wanapanda nyuma.

Mmoja wao ni Mama Rehema, mjane, anauza kuku wa kienyeji mnadani. Anakaa kwenye upepo na matenga yake, tukifika anagonga bodi, anashuka, anasema, "Asante Baba Joyce." Hapo yameisha. Majuzi mvua ikatukuta njiani. Nilipokwenda nyuma kumshusha, kumbe turubai amewafunika kuku, yeye maji yanamchuruzika.

"Kuku wakifa nitauza nini?" akaniambia. "Mimi nitakauka."

Alicheka, lakini mimi niliona aibu ya mtu mzima.

Kesho yake nikaanza kubandua. Jamani, silikoni iliyozoea jua ni king'ang'anizi. Kisu kilikwaruza rangi, nikakiacha. Fundi akanionya nisiguse thina, itakula rangi yote. Akasema nipitishe uzi wa nailoni kwenye upenyo, niuvute huku na huku kama msumeno, kisha mabaki niyasugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nikawa nafanya hivyo kila jioni, taratibu. Siku moja nikashtuka kumbe hata redio sijaiwasha.

Joyce akaja kunisalimia. "Shikamoo baba," halafu macho yakaenda mlangoni. Akapitisha kidole pale nilipobandua.

"Baba, unamfungulia nani?"

Nikamwambia habari za mvua na watu kulowa. Hakunisikiliza. "Hapo ni mahali pa mama," akasema. "Ukimpandisha mtu hapo, mimi hapa nyumbani sirudi."

Asubuhi akaondoka bila kunywa chai. Mchana kijana wa bodaboda akaniletea mfuko kutoka mjini, ndani silikoni mpya. Sikuambiwa imetoka kwa nani, na sikuuliza.

Iliniuma sana. Huyu ndiye mtoto wangu pekee, ndiye anayenipigia simu. Ila akipiga tunamlilia mama yake, anakata, yeye ana mume na watoto wa kumnyamazisha. Mimi nanyamazishwa na nani? Na Mama Rehema sijamwambia neno lolote. Huenda hata akikaa mbele atakuwa anakimbia upepo tu, nami mzee najidanganya.

Umebaki upande wa chini, kama shibiri mbili hivi. Kesho ni mnada, asubuhi atakuwa barabarani na matenga yake. Silikoni mpya iko juu ya dashibodi, mdomo wake sijaukata. Na kuna jambo ambalo hata Joyce sikumwambia. Mama Rehema ni mrefu. Akikaa hapo, lazima kiti kirudi nyuma.

Ndugu zangu, nyie mnaoujua upweke na mnaojua uchungu wa mtoto, nishaurini kabla hakujakucha. Nimalize kubandua, au nizibe tena?