Gitaa niliyoiacha kwa ajili ya watu, sasa nimeirudilia

Admin, ficha jina langu, maana hapa Kalemie tunajuana. Miye ni mama wa miaka sitini na sita, mujane tangu mwaka jana, na ninaimba kwaya.

Wakati wa Zaire nilikuwa musichana wa shule, miaka kumi na saba. Kaka yangu, fundi wa meli, alirudi kutoka Kigoma na diski moja ya wazungu, ile muziki ya gitaa za umeme zinazonguruma. Kingereza hatukujua hata neno, lakini wimbo wa kwanza ulinitetemesha kifua. Kaka akaazima gitaa kwa orkestra ya mutaa, akanionyesha kidogo. Mengine niliyatafuta mwenyewe, nikirudisha sindano ya gramafoni mara na mara. Likizo ilipoisha nilikuwa napiga diski nzima, pande zote mbili.

Papa akatukuta. Hakunichapa. Alirudisha gitaa kwa wenyewe, akaniambia, "Mutoto mwanamuke anayepiga vile hataolewa." Tena ilikuwa miaka ile serikali ilituamuru kurudilia asili yetu, muziki ya wazungu ilionekana kama usaliti. Nikaolewa na mwalimu, muntu mwema, ila naye hakutaka ile kelele kwake. Diski ikalala ndani ya sanduku chini ya vitenge, na miye nikanyamaza zaidi ya miaka makumi ine.

Kisha matanga ya bwana yangu kuisha, mujukuu wangu wa kike alinitafutia mashini ya kupigia diski. Niliogopa itakuwa kitu cha utoto tu. Kweli, wimbo wa tatu ni murefu bure, na yule mwimbaji analalamika kupita kiasi. Lakini gitaa njo ile ile. Vidole vyangu vilianza kutembea juu ya meza bila miye kuviagiza. Wiki ile ile niliuza mbuzi wangu, nikanunua gitaa.

Watoto wangu wakaitisha kikao cha familia. Walisema ninajifanya kijana, ninamutia baba yao haya ndani ya kaburi. Mukubwa akauliza, "Mama, watu watasema nini?"

Nikamujibu, "Walisema nikiwa musichana, na niliwatii. Safari hii wamechelewa."

Sasa yule mujukuu anaolewa mwezi ujao. Ameniomba nipige wimbo wa kwanza wa ile diski wakati anaingia ndani ya sale ya harusi. Baba yake, njo huyo mutoto wangu mukubwa, ameapa kwamba akiona gitaa atatoka, na hatamushika binti yake mukono. Mujukuu anasema nisimuogope baba yake, lakini macho yake mwenyewe yamevimba kwa kulia.

Ndugu zangu, munipe mashauri. Nipige mbele ya wote, mutoto aingie bila baba yake? Ao nimupigie nyumbani, sisi wawili tu, mbele ya siku ile kufika? Kuhusu kuacha gitaa, musijisumbue kuniandikia.