Kobe wa Upande wa Baba

Shangazi aliingia kwa mlango wa nyuma, miguu imemvimba, harufu ya sabuni ya hospitali ingali imemganda mwilini. Tangu alfajiri alikuwa akijaza mashuka kwenye mashine na kuyatoa yakiwa mazito kwa maji. Alichotaka sasa ni kukaa tu. Lakini wageni walikuwa njiani kuja kumposa binti wa marehemu kaka yake, na upande wa baba hakuwa amebaki mtu wa kuwajibu ila yeye.

Wifi yake, mjane wa kaka, alimkuta akinawa uso.

"Wifi, nimefikiri. Wageni atawajibu mwalimu mkuu, jirani yetu. Wewe upumzike."

"Kwa sababu ya Kobe?"

Wifi akatazama ukuta.

Jina hilo Shangazi alipewa na baba yake. Utotoni alitumwa maziwa, akarudi wenzake wameshakula, lakini hajamwaga hata tone. Baba alimsubiri mlangoni: "Kobe wangu kafika!" Likamkaa. Hata kule kazini, kwenye chumba cha kufulia ambako kila mtu ana lugha ya mama yake, walilichukua wakalitafsiri. Kwa kina fundi wa mashine, kobe ndiye hakimu wa wanyama katika hadithi zote, kwa hiyo fundi humpisha mlangoni akisema, "Mheshimiwa, tangulia!" Mpiga pasi alisema kwao ukimwita mtu hivyo umemwombea maisha marefu.

"Marefu ya nini, na miguu hii?" Shangazi alimjibu.

Aliyecheka mpaka akakohoa ni dereva wa gari la nguo. Kwao kobe ni mchoyo: kajifungia ndani ya nyumba yake, mgeni hana pa kuingia. Na dereva huyo ni wa kabila la bwana harusi. Kosa la Shangazi lilikuwa kuja kumsimulia wifi yake habari hiyo kama kichekesho.

"Sitaki mwanangu aingie kwa watu na sifa ya uchoyo," wifi alisema. "Jina la nyumba hii nimelilinda tangu kaka yako alipotuacha. Nimechoka, wifi."

"Tumechoka wote."

Hakubishana. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha pembeni sebuleni. Watoto wa nyumba walikwisha kuonywa: leo wamwite Shangazi Mkubwa, si Kobe, basi.

Wageni walifika, wakakaribishwa. Mwalimu mkuu akakohoa kidogo, akaanza hotuba ndefu. Alipotua kuvuta pumzi, mama wa kijana alimgeukia binti.

"Mwanangu, huyu anayekusemea ni nani wako?"

"Jirani, mama." Binti aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Wa kunisemea yuko pale pembeni. Mama alipokuwa chuo cha ualimu, yeye ndiye aliyenilea. Kobe, sogea basi!"

Mgeni akamtupia mumewe jicho. "Kobe?"

"Utani wa watoto tu," wifi akadakia.

"Si utani," Shangazi alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu hata ya kukasirika. "Baba yangu ndiye aliyeniita hivyo. Najua kwenu ni jina la mchoyo, nimeambiwa. Lakini miaka yote nimeliitikia kwa lugha ya baba, na leo sina nguvu ya kujifunza kuitika upya."

Mwalimu mkuu alishughulika na vifungo vya koti.

"Na ukija kwetu, tukuiteje?" mama wa kijana aliuliza.

"Hivyo hivyo. Nanyi mje kwangu, mtajionea kama mlango umefungwa."

Baba wa kijana aliguna, kicheko kikimponyoka. Wifi alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Jina hilo katoa baba mkwe wangu. Katika nyumba hii hatulifichi."

Shangazi alimtazama, maana jioni nzima walikuwa wakilificha. Jirani alikuwa ameshaondoka kwenye kiti cha mbele; Shangazi akajikokota, akakikalia.

"Haya, Kobe," baba wa kijana alisema, akilitaja kwa lugha yao, polepole, kwa heshima. "Mnatupa mtoto?"

Shangazi alimtazama binti, akamtazama na wifi yake, ambaye aliitikia kwa kichwa.

"Tunawapa," alisema. "Ila kesho nina zamu ya asubuhi. Ya tarehe pangeni na mama yake, mimi nikalale."