Nyumba Haiuzwi

Fundi Herufi aliandika NYUMBA HAIUZWI kwenye kuta za watu kumi na tisa kabla hajaiandika kwenye ukuta wa baba yake. Alikuwa mwandika mabango, na kazi ya aina hiyo hakuipenda hata siku moja. Bango la kinyozi lilimfurahisha, la duka la dawa lilimpa heshima, hata la choo cha kulipia alilitilia kivuli cha buluu likapendeza. Lakini akiitwa kuandika maneno yale mawili, alijua amefika penye msiba wa pili. Wa kwanza alikufa mzazi. Wa pili wamekufa ndugu, nao wangali wanatembea. Mtaa mzima hulijua hilo. Nyumba isiyo na ugomvi haina haja ya kusema kwamba haiuzwi.

"Yule ma-ma-marehemu," alimwambia dada yake siku moja, ametoka kwenye kazi hiyo, "ameacha wa-wa-wa..."

"Ameacha watoto, hakuacha ndugu," dada akamalizia, wakacheka wote wawili.

Ndivyo walivyokuwa. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wa Herufi ulikuwa nao, tena umekaa vibaya. Shuleni walimcheka mpaka akaacha kunyoosha mkono hata pale alipojua jibu. Nyumbani alikuwa na huyu mdogo wake, aliyezaliwa miaka sita baada yake, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Kitinda alilijua neno la kaka yake likiwa bado kifuani. Kaka akianza "ma-ma-ma", yeye keshaleta maji. Dukani alimsemea, hospitalini alimsemea. Hata siku ya posa ni Kitinda aliyesema, na marehemu mke wa Herufi alishikilia mpaka kufa kwake kwamba aliolewa na wifi.

Brashi ilimponya nusu. Siku alipogundua kwamba mkono wake haugugumii, aliacha kujisumbua na mdomo. Jambo dogo aliliandika kwenye kikaratasi, akamwachia mtu mezani. Jambo kubwa aliliandika kwa herufi kubwa.

Baba yao alikuwa mwashi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, vyumba vinne na baraza, kwa masalia ya kazi za watu, ndiyo maana madirisha yake hayakufanana hata mawili. Alipoona siku zimekaribia, aliwaita watoto wake watatu mbele ya mdogo wake, baba mdogo wao, akasema nyumba ni yao wote, na isiuzwe ila wawili kati yao wakikubaliana. Mzee alidhani ameufunga mlango wa ugomvi. Kumbe aliuacha wazi kwa upana wa mtu mmoja.

Maana kaka yao mkubwa alitaka iuzwe tangu udongo wa kaburi haujakauka. Huyu alikuwa karani wa bohari, akastaafu, na jina la Bohari likastaafu naye. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa akipanga vyumba viwili mtaa wa mbali, magoti yake yamekwisha, na alitaka fungu lake angali anaweza kulitembelea. Herufi naye hakutaka hata kulisikia neno kuuza. Alilala mle, alimuuguza baba yake mle, na baraza ndiyo iliyokuwa karakana yake. Angefukuzwa pale na umri ule, angeanika wapi mabango? Basi mmoja akawa huku, mmoja kule, na macho yote yakamgeukia dada.

Dada alikuwa muuguzi, na neno lake alikuwa ameshalisema. Alilisema jikoni, ameegemea mlango, bado amevaa sare ya kazi.

"Kaka, mimi siuzi. Nipe muda kidogo tu, kuna jambo nalitengeneza."

Herufi hakumuuliza ni jambo gani. Kuuliza kulimchosha. Alimwamini, akarudi kwenye kazi yake, na kwa miezi miwili alilala usingizi mzuri.

Mkono wa kushoto wa nyumba ile aliishi mwanamke ambaye mtaa ulimwita Mama Redio, na hakuna aliyekosea kumpa jina hilo. Jumanne moja Herufi alirudi kutoka kuandika gari la shule ya udereva, akamkuta jirani huyo amesimama kwenye baraza yake anamngoja. Alikuwa na taarifa. Kitinda amekuja na mwanamume, tena mwanamume amechomekea shati, mkononi ana futi ya chuma. Wameingia chumba cha marehemu mama yao. Wamepima kuta, wamepima dirisha, mwanamume akaandika kwenye daftari, kisha wakapeana mikono mlangoni kama watu waliokubaliana.

"Lakini mimi simo," akamalizia Mama Redio, kama wasemavyo wote waliomo.

Herufi aliingia chumbani kwa mama yake. Vumbi la sakafu lilikuwa na alama za viatu vya mwanamume, zimezunguka kuta zote nne. Bohari angemuuza, sawa, Bohari alisema tangu mwanzo. Lakini Kitinda! Alitoa simu akampigia, jambo alilokuwa akilifanya labda mara mbili kwa mwaka. Dada akapokea, nyuma yake vyombo vinagongana.

"Niko wodini, kaka. Sema upesi."

Sema upesi. Kati ya maneno yote aliyoweza kuambiwa siku ile, aliambiwa hayo. Alifungua mdomo, ikatoka "u-u-u", akavuta pumzi, ikatoka "u-u" nyingine, na huko upande wa pili mtu akamwita muuguzi. Simu ikakatika. Herufi akaiweka mezani, akaenda kwenye mikebe yake.

Aliifanya kazi ile saa saba mchana, jua likiwa utosini, mbele ya macho ya watu. Alipangusa ukuta wa mbele, akavuta uzi wa chaki mistari miwili, akapima nafasi kwa shubiri kama alivyozoea, kwa sababu M na W ni herufi zenye ulafi na usipozipimia zitakula nafasi za wenzao. Alichagua rangi ya mafuta, nyekundu, ile isiyosikia mvua. NYUMBA HAIUZWI, herufi za futi mbili. Na chini yake, kwa kuwa kifua bado kilikuwa kimejaa, MATAPELI KAENI MBALI. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, Mungu amsamehe.

Saa kumi na moja Kitinda alifika kutoka zamuni. Alikuja na mkokoteni wa mifuko sita ya saruji, na ubavuni mwake yule mwanamume wa shati la kuchomekea, safari hii amevaa ovaroli na kubeba mwiko na pima maji. Alikuwa mwashi. Jambo ambalo Kitinda alikuwa akilitengeneza lilikuwa ni hilo: kukarabati chumba cha mama, kurudisha chumba chake cha kupanga, na kuhamia pale na binti yake, ili Bohari akija na habari za kuuza amkute ameshatandika kitanda. Alitaka kumfurahisha kaka yake. Herufi alikuwa kwenye ngazi akirekebisha mkia wa Z aliposikia mkokoteni umesimama.

Mwashi alisoma ukuta polepole, neno kwa neno, kwa sauti. Kisha akamgeukia Kitinda akamuuliza kwa upole kama tapeli ni yeye. Pale pembeni walishakusanyika watu, na mmoja akacheka. Mama Redio alikuwa mlangoni kwake, amekunja mikono, hayumo.

Kitinda hakupaza sauti.

"Miaka yote hii nimekusemea," alisema. "Leo hukuweza kuniuliza. Hata kikaratasi, kaka. Umeniandika ukutani kama mwizi."

Herufi alishuka ngazi. "Sa-sa-sa..." alisema. Dada yake alikuwa ameshamwambia mwenye mkokoteni ageuze.

Hasira hasara, na hasara ya Herufi ilianza kulipwa jioni ileile. Mstari wa matapeli aliupaka chokaa mara mbili. Mstari wa juu aliuacha, kwa sababu bado aliuamini. Kesho yake alipeleka kikaratasi kwa dada yake, kikarudi kwa mkono wa mpwa wake kikiwa kimekunjwa vilevile. Akapeleka cha pili, nacho hakikurudi, akakaa siku tatu na tumaini. Baadaye mpwa alimwambia kwamba mama alikitumia kuwashia jiko.

Jumapili Bohari aliitisha kikao. Habari zilikuwa zimemfikia, na mtu anayejua hesabu haachi kura iliyoanguka chini bila kuiokota. Walikaa ukumbini: baba mdogo kwenye kiti cha marehemu, Bohari na magoti yake kwenye kochi, Herufi kwenye kigoda, Kitinda karibu na mlango na mkoba mapajani, kama mgeni asiyetaka kuchelewa. Baba mdogo alikumbusha wosia. Akasema vilevile kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kikapu ukavune. Aliisema vizuri, akangoja. Lakini hapakuwa na mwenye jembe wala mwenye kikapu, palikuwa na watu wazima watatu waliokwisha kuchoka.

Akamuuliza Bohari. Bohari akasema iuzwe. Akamuuliza Herufi. Herufi akajikaza, akapita kwenye ile i ya mwanzo mara nne, akasema isiuzwe. Kabla mzee hajamgeukia Kitinda, Herufi akainua mkono kama mtoto wa shule aliyekuwa zamani, akaomba kusema kitu kwanza.

Neno lilikuwa moja. Alikuwa amelifanyia mazoezi tangu Jumatano, mbele ya kioo, mbele ya mikebe.

"Sa," alisema. "Sa-sa. Sa-ma. Sa-ma-ma..."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyelijua neno lile. Baba mdogo alilijua, Bohari alilijua, na kwa mazoea ya miaka hamsini wote wawili wakamtazama Kitinda, wakingoja alimalize. Midomo yake ilicheza kidogo. Herufi aliiona ikicheza, akasimamisha juhudi zake, akangoja naye. Kitinda akaibana midomo, akainamisha macho kwenye kifungo cha mkoba wake, akaanza kukifungua na kukifunga.

"Sa-ma-ma," alisema Herufi, jasho linamtoka.

Baba mdogo akashindwa kuvumilia. "Basi, mwanangu. Tumekuelewa."

"Mimi sijaelewa," alisema Kitinda. Akasimama. "Iuzwe."

Hata Bohari hakufurahi. Alipata alichokitaka, akabaki anayasugua magoti yake na kutazama sakafu. Lakini kutofurahi si kughairi. Wiki iliyofuata alimwambia mdogo wake kwamba hakuna mnunuzi atakayekuja kwenye nyumba yenye ukuta unaomfukuza, na kwamba aliyeandika ndiye ageuze.

Herufi hakuwa na haja ya kuandika upya. Mtu wa kazi yake huona haraka. Neno la dada yake lilikuwa limelala ndani ya neno lake mwenyewe. Alifunika HA kwa chokaa. Ile I ya mwisho akaiongezea mikono mitatu ikawa E. NYUMBA IUZWE. Neno likakaa kombo, limeegemea kulia, na kushoto pakabaki pengo la herufi mbili. Chini aliandika namba ya simu ya Bohari. Mtu mmoja aliyepita alisimama akacheka, akasema Fundi leo umekosea, huwa tunaandika INAUZWA. Herufi akaendelea na brashi yake. Aliandika alichosikia.

Haikuchukua mwezi. Alinunua mfanyabiashara wa vipuri vya magari, aliyetaka kiwanja tu, nyumba ingevunjwa. Siku ya mwisho, hati zimeshasainiwa na funguo ziko kwa mtu mwingine, Herufi alikuwa barazani akifunga mikebe yake kwenye maboksi, lilipokuja gari dogo la mizigo kuchukua kitanda cha mama. Kitinda alishuka. Alisimamia kitanda kikitolewa, akasaini karatasi ya dereva, kisha akasimama mbele ya ukuta akausoma.

Mvua ilikuwa imenyesha mara mbili wiki ile, na chokaa haina ubavu wa kuficha rangi nyekundu ya mafuta. Kwenye lile pengo la kushoto palikuwa pamejitokeza kitu cha rangi ya waridi.

"HA bado inaonekana," alisema.

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia baada ya wiki saba, na ndiyo ya mwisho mpaka leo. Herufi aliyapokea kama mtu aliyerushiwa kamba. Alifungua mdomo. Ikaja "sa", ikaja "ma", na safari hii akahisi kweli linakuja lote, lipo hapo nyuma ya meno, limebakiza pumzi moja. Kitinda alingoja. Tuseme ukweli, alingoja, mkono wake ukiwa kwenye mlango wa gari, muda ambao mtu angehesabu mpaka kumi. Kisha dereva akapiga honi, naye akapanda.

Vumbi lilipotulia Herufi alikuwa ameshatoa tena kwenye boksi mkebe wa nyekundu na brashi ya inchi tatu. Neno lilikuwa zima kichwani mwake, herufi nane, halina kigugumizi hata kimoja, na ukuta ulikuwa mpana wa kutosha. Alipiga hatua mbili kuuelekea. Mlinzi wa mwenye mali mpya, kijana mstaarabu, aliinuka kutoka kwenye benchi akamwambia samahani mzee, hapa hairuhusiwi kuandika.