Leseni Tuliyobishania Mazimbu

Kiunzi kile tulikiandika wawili, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo, katika chumba cha kupanga Mazimbu. Kwa asiyeijua kazi yetu, kiunzi ni kama fremu ya nyumba: mtengenezaji wa programu anaikuta imeshasimama, yeye anakandika tu. Chetu tulikilenga milimani. Kwa programu tuliyoijenga juu yake, mkulima wa kabichi kule juu Uluguru aliandika mzigo wake kwenye simu bila mtandao, na akishuka penye mtandao, simu iliutuma yenyewe kwa wanunuzi.

Kukitoa bure hatukubishana. Tulibishania leseni, yaani ruhusa ya kukitumia. Mimi nilitaka ile inayosema: chukua, badilisha, lakini ulichobadilisha nacho ukiache wazi. Yeye alitaka ile inayomruhusu mtu kuchukua na kufunga, kiwe chake peke yake.

"Hiyo yako kampuni zinaikimbia," alisema. "Unataka kitumike au unataka kushinda ubishi?"

"Nataka kibaki cha watu."

"Watu gani, kaka, kama hakuna anayekijua?"

Tukalipeleka suala kwa wenzetu wa kazi tuliozoea kukutana nao Jumamosi. Karibu wote walikuwa upande wake. Mmoja aliniuliza, huku wengine wakicheka, kama nimewahi kuona kiunzi maarufu chenye leseni ya masharti. Nikakubali.

Na kweli kilipendwa. Watu wa nchi nisizowahi kufika walikisifia. Kisha kampuni moja ya Dar ikakichukua, ikakiremba, ikakifunga, na rafiki yangu ikamwajiri. Haikuvunja sheria yoyote. Sikuwa hata na wa kumshtaki.

Wakulima wakahamia huko, maana wanunuzi walikuwa wamehamia. Mwanzo programu ya kampuni ilikuwa bure. Ilipoanza kulipiwa, nilipanda kwa mama mmoja wa kijiji cha misheni aliyetujaribia programu tangu siku za kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunikaribisha kukaa. "Mbona mnatulipisha, mwanangu? Si mlisema ni yetu?"

"Si sisi, mama. Ni kampuni."

"Jina lako limo humu kwenye simu. Binti yangu amenisomea."

Ni kweli lilikuwemo. Leseni ile iliwataka jambo moja tu: wasifute majina ya walioandika. Nilijaribu kumweleza, nikajisikia ninavyofanana na tapeli. Nikamwambia ile ya zamani bado ipo, bure.

"Mnunuzi yupo huko?"

"Hayupo."

Akarudi kwenye matuta yake.

Niliposhuka nilimpigia rafiki yangu, nikamsimulia.

"Lakini kingetoka kwa leseni yako, leo kingekuwa kimekufa," alisema.

"Kwake yule mama kimekufa."

"Usinilaumu mimi. Ulikubali mbele ya watu."

Nikakata simu. Hatujazungumza tena. Nasikia kampuni humpeleka kwenye mikutano kueleza jinsi kiunzi kilivyozaliwa, na kwamba huwa anaeleza vizuri sana. Mimi nimebaki Mazimbu, natengenezea nyumba za wageni tovuti, kwa kiunzi chochote mteja anachotaka. Kabichi nanunua sokoni, kwa watu wasionijua.