Mama Alivyoiona Mikono ya Kaka

Jirani yetu mmoja hapa Jadida, mtaa wa Wete, Pemba, hutuuliza kila Disemba kama tumeshabadili dini. Mama humjibu kuwa siye hatuna Krismasi, tuna likizo. Na ni kweli. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na wakati wa Krismasi ndipo walipopewa ruhusa ya maana. Idi zilimkuta huko huko, akatutumia picha ya sahani ya pilau aliyoinunua mkahawani, nasi tukamwonea huruma. Basi tukazoea kukusanyika siku za sikukuu ya wenzetu. Mdogo wetu wa kike, aliyeolewa Makoongwe, huja na mumewe. Mie nasomesha skuli hapa Wete na nakaa na wazee, kwa hiyo sina pa kutokea. Nipo tu, kama kabati.

Baada ya chakula cha mchana Mama hutaka kila mtu aeleze mwaka wake ulivyokwenda. Lazima useme zuri na baya. Baba hukiita kikao hicho mahakama, lakini huwa wa kwanza kukaa.

Mwaka ninaousimulia, mengi yaliyotokea yaliletwa na macho ya Mama. Miaka mingi mtoto wa jicho alikuwa akimfunika taratibu, naye akakataa kusema. Aliijua nyumba kwa kuipapasa na watu kwa nyayo zao. Mwishowe, mfungo ulipokwisha, tulimpeleka hospitali akafanyiwa upasuaji. Walipomfungua bandeji, mtu wa kwanza yeye kumwona alikuwa Baba. Mama alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kumbe ushazeeka namna hii," alisema.

"Nimezeeka polepole," Baba akamjibu, "ili usije ukashtuka."

Tuliporudi nyumbani raha yangu ilikwisha. Mama aliyaona masizi ya darini. Aliiona kanga yake aliyodhani bado mpya. Aliuona mchele niliokuwa nikiuchagua mie peke yangu tangu macho yake yalipopungua, akaumwaga kwenye ungo na kuanza kutoa vijiwe, kimoja kimoja, akivipanga ukingoni bila ya kusema neno. Nilitamani aseme.

Msimu wa karafuu ulipofika tulikwenda shambani kwetu Mgogoni. Wachumaji walimaliza mkarafuu mmoja mkubwa wakahamia mwengine. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye jamvi akichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake, akanyanyua uso.

"Kule juu mbona mmeziacha?" akauliza.

Hakuna aliyeziona ila yeye. Baba alisema hakuna kitu kule. Mama akasema kipo, na kama macho ya Baba hayaoni, hospitali anaijua. Basi Baba akasogea chini ya mti. Alivua viatu, akaukwea mkarafuu ule na umri wake wote, akafika juu kabisa, na tukamsikia akisema, "Kweli zipo." Halafu tawi likakatika.

Alivunjika mguu wa kushoto, chini ya goti. Siku ile hatukucheka hata kidogo. Mama alimshika kichwa njia nzima mpaka hospitali akimsomea dua, na mie nilikuwa nyuma nikishikilia viatu vyake, maana sikujua nishike nini chengine. Kucheka kulikuja baadaye, alipofungwa plasta na kuanza kutuamrisha kutoka kitandani kama mkuu wa kikosi. Hata leo hawajakubaliana ni kosa la nani. Baba husema ni la daktari wa macho.

Tulikubaliana Kaka asiambiwe. Tulimjua: ataacha kazi yake aje mbio, na wakubwa zake watachukia. Kila akipiga simu kumtaka Baba, nilimwambia yuko msikitini.

"Baba amekuwa mcha Mungu sana mwaka huu," alisema mara moja.

Nikamwambia alhamdulillahi. Na yeye, kila tukimpigia asubuhi, alinong'ona kuwa yuko kikaoni, atatupigia baadaye. Tulijivunia vikao vyake. Mama aliwaeleza majirani.

Krismasi ilipofika, Kaka aliteremka boti Mkoani, akapanda gari hadi Wete, akamkuta Baba barazani na gongo la kutembelea kwapani.

"Nilijikwaa," Baba alisema.

"Alijikwaa juu ya mkarafuu," Mama akasema kutoka ndani.

Hapo Kaka alikasirika. Alitusema tangu magharibi mpaka tunamaliza kula. Alisema familia isiyoambiana ukweli si familia. Alisema yeye ndiye mkubwa, asifichwe kitu. Mie nilipata fungu langu peke yangu kwa ule msikiti. Tuliinamisha vichwa, maana alikuwa na haki.

Siku ya pili mdogo wetu na mumewe walifika na mtoto wao wa kike, mchanga bado, amefungwa kwenye kanga kama andazi. Mwaka wa nyuma walikuwa wamepoteza mimba, naye alikaa kwenye mahakama ya Mama bila ya kusema lolote. Safari hii Mama hakungoja chakula, akampa zamu ya kwanza. Mdogo wetu alimwangalia mtoto, akasema, "Baya langu mnalijua. Zuri langu limelala." Mumewe alijifanya anatafuta viatu.

Basi tukasahau kuwa chakula bado, tukaanza kula tukiwa tumechelewa. Mama alichukua birika na beseni akawa anatunawisha mikono. Alipofika kwa Kaka alimimina kidogo, akaacha.

Viganja vya Kaka vilikuwa na madoa ya kuungua, mengine mapya, mengine yaliyokwishapona. Kovu moja lilipita juu ya vidole vyote vinne. Mwaka uliopita Mama asingeyaona.

"Ofisini kwenu mnaandikia makaa?" aliuliza.

Kaka alisema ni bomba la moshi la pikipiki. Mama akauliza pikipiki ipi hiyo inayomuunguza mtu vidole kwa juu. Kaka akatutazama mmoja mmoja, na mie, kwa ule mhadhara wa jana, sikumsaidia.

Akatueleza. Kampuni ilifunga milango katikati ya mwaka, na wafanyakazi wote wakarudishwa nyumbani. Alizunguka kutafuta kazi mpaka akachoka. Karibu na chumba chake alikaa bibi mmoja, mtu wa Pemba vile vile, aliyekuwa akipika mikate ya kumimina, ile ya mchele na tui, na kuiuza asubuhi. Bibi huyo alikuwa mgonjwa wa miguu, akahitaji mtu wa kumbebea makaa. Kaka alianza kwa makaa, akaishia kwenye sufuria. Mkate huo hupikwa kwa moto wa chini na moto wa juu, na ule wa juu ndio uliomla vidole.

"Na vikao?" Baba aliuliza.

"Nilikuwa jikoni, Baba."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama ameshawaambia watu wote nina ofisi," Kaka alisema. "Niliona haya."

 Baba alilisogeza gongo lake pembeni.

"Basi mwaka huu tumeanguka wawili," alisema. "Tofauti ni kuwa mie nilikuwa na watu wa kunibeba."

Kaka alifunika uso kwa mikono ile ile. Mama alikaa karibu naye, akamshika kiganja kimoja na kukigeuza geuza, halafu akaniuliza, bila ya kunitazama, kama mchele wa kuloweka upo. Nikasema upo. "Uchaguliwe vizuri," akasema.

Asubuhi yake Kaka alipika. Mama alisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani, na Baba alivuta kiti mpaka mlangoni ili asipitwe. Kaka, ambaye alipokuwa nyumbani hakujua kuchemsha hata maji ya chai, aliukoroga uji wa mchele na tui kwa mkono mwepesi, akamimina, akafunika, akapanga makaa juu. Mkate uliumuka ukapasuka juu vizuri. Mie nimefundishwa mkate huo tangu utotoni na wangu hukaa chini kama sahani.

Mama alionja.

"Iliki imezidi," alisema, akakata kipande cha pili.

Mwaka mpya ulipoingia Kaka alirudi Dar kuendelea na mikate, na yule bibi sasa ndiye anayekaa akipokea wateja. Kwa jirani yetu Mama alitangaza kuwa mwanawe ameingia biashara ya vyakula. Jirani akauliza vyakula gani. Mama alifikiri kidogo.

"Mikate," akasema. "Anapika mwenyewe. Akija tena nitakuletea."