Kisuli cha Mbwa wa Kitale

Chuoni tulifundishwa kwamba babu zetu hawakujua kusoma. Basi wasomi hao niwape habari za babu yangu Mukhisa wa Bokoli, mwezekaji wa nyasi, ambaye hakujua a wala be, lakini aliweza kusoma paa akiwa ng'ambo ya mto.

Kileleni mwa nyumba ya msonge huchomekwa fimbo iitwayo kisuli. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba yu hai. Akifa, huchomolewa. Wala hakisimamishwi kingine bila mwenyewe kuwapo.

Mwaka 1938 Mukhisa alikuwa akimwezekea mstaarabu mmoja wa Kizungu maghala yake karibu na Kitale. Habari zikamfikia: upepo umevunja kisuli cha nyumba yake, na ndugu yake Eliakim, mcha Mungu mashuhuri, huja kila jioni kumfariji Nasambu, mke wa Mukhisa. Kumfariji mjane wa mtu aliye hai. Huruma iliyoje!

"Bwana, naomba ruhusa. Siku nne tu."

"Maliza kwanza nyumba ya mbwa. Na weka ile pambo ya juu."

Mukhisa akamweleza maana ya lile pambo. Bwana akacheka.

"Basi sawa! Mbwa yangu iko hai."

Mukhisa akachomeka kisuli juu ya nyumba ya mbwa.

Asubuhi vibarua walipita pale wakimvulia mbwa kofia. "Mulembe, mzee! Watoto hawajambo?"

Bwana alifurahi kuona tumeanza kustaarabika. Akatia sahihi ruhusa: siku mbili za kwenda kwa miguu, mbili za kurudi. Za kukaa na mkewe hakuziona kuwa na kazi.

Bokoli, Mukhisa alimkuta Eliakim kwenye kigoda cha mwenye nyumba, akinywa chai kwa kikombe cha mwenye nyumba.

"Ndugu yangu! Si sisi tulidhani..."

"Mlidhani."

Nasambu alitoka na fimbo aliyokwisha kuichonga siku nyingi. "Panda kwanza. Salamu baadaye."

Mukhisa akapanda. Nasambu akamgeukia Eliakim. "Shemeji, wewe ndiwe mrefu. Mpe."

Eliakim akainuka kigodani, akamnyooshea ile fimbo kwa mikono miwili, majirani wakitazama.

"Asante, ndugu," Mukhisa akasema kutoka juu. "Huko nilikotoka hata mbwa anacho."

Chai ile Eliakim hakuimaliza.